Mchezaji wa Nne kwenye Orodha Yangu

Mhariri wa jarida letu la wanafunzi alitaka wachezaji watano wa kuangaliwa msimu huu. Nilimpelekea wanne. Wa tano, ambaye kocha mwenyewe alinipendekezea, alivunjika kifundo cha mguu siku ya pili ya mazoezi akiruka mtaro nyuma ya bweni, nami sikuona maana ya kuwaambia watu wamwangalie mtu aliye kwenye magongo.

Nilikuwa mwaka wa pili katika chuo kidogo cha binafsi upande wa Ntinda, Kampala. Jarida letu lilikuwa kurasa nane zilizochapwa kwa mashine ya ofisi, halafu nakala yake ikatumwa kwenye magrupu ya WhatsApp, na huko ndiko ilikosomwa kweli. Ukurasa wa michezo nilipewa kwa sababu moja tu: mhariri alijua mimi ni binti wa polisi, na aliamini kila aliyekulia kambini anajua mpira. Hakukosea. Baba yangu alitoka kaskazini akiwa kijana kuja kuvaa sare, na kila Jumamosi alikuwa refa wa mechi za kambi. Nilijifunza sheria ya kuotea kabla sijajua kusuka nywele. Huko kambini tuliongea Kiswahili, kile cha askari, ambacho hakijali sana ngeli. Hiki ninachoandikia nimekipata baadaye, vitabuni.

Kwa wiki mbili nilikaa pembeni ya uwanja na daftari. Kipa alisomea upimaji ardhi, na kabla ya kila mazoezi alipima lango kwa hatua zake, kana kwamba usiku lingeweza kupanuka. Nahodha, beki wa kati, hakuwa na haraka na mtu. Alisimama tu mahali ambapo mpira ungefika, na mpira ukafika. Winga wa kushoto alikuwa kijana wa Lubaga, amezaliwa karibu na kanisa kuu, mwenye mbio za kuogofya na krosi ambazo yeye mwenyewe hakujua zinamwendea nani. Watatu hao niliwaandika kwa siku moja.

Wa nne alikuwa kiungo, jezi namba nane. Huyo ndiye aliyenifanya nirudi kila jioni. Kabla mpira haujamfikia aligeuza shingo kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena, na ulipofika tayari alikuwa anajua atautuma wapi. Alikimbia mkono wa kushoto ukiwa umebanwa kifuani, kama mtu aliyebeba kitu ndani ya shati. Nilidhani ni mtindo wake. Hakupiga kelele, hakudai pasi. Wenzake walimtafuta wenyewe wakibanwa.

Kocha alimpenda, na alikuwa na utani mmoja juu yake ambao aliurudia mara nyingi.

"Wengine wananiletea vyeti vinasema miaka kumi na tisa, na ndevu zimejaa," aliniambia. "Huyu karatasi zake zinasema ishirini na saba, na bado anarefuka."

Nilicheka, nikauandika utani huo. Ulinipita hivihivi. Nimesikia maisha yangu yote juu ya wachezaji wanaopunguza umri. Sikujiuliza kwa nini mtu auongeze.

Alikuwa Mkongo, kutoka mashariki ya nchi yao. Siku niliyomhoji tulikaa kwenye nyasi baada ya mazoezi, yeye akivua njumu, na nilipomsalimia kwa Kiswahili uso wake ulifunguka. Aliniambia kwamba katika timu nzima hakuwa na mtu wa kuongea naye bila kutafuta maneno. Tukaongea mpira karibu saa nzima. Nilipofika kwenye mambo ya kwao, akaanza kukunja soksi zake, akazikunjua, akazikunja tena.

"Dada, usiandike fasi nilitoka," alisema.

"Sawa. Sitaandika mahali."

"Na picha usiweke. Andika muchezo tu."

"Kwa nini usitake picha? Wenzako wamenitumia picha kumi kumi."

"Mimi sipendi tu kuonekana."

Nilimwambia sawa. Nataka niliseme hili bila kulipamba: nilimwambia sawa, na mwisho wa wiki, ukurasa ulipopangwa, kulikuwa na picha tatu na nafasi moja tupu chini kulia. Mhariri aliniuliza kama sina hata moja. Nilikuwa nayo kwenye simu, nimempiga akiwa amegeuka nusu, jasho shingoni. Niliituma. Hakuna aliyenilazimisha. Chini ya picha nikaweka majina yake yote matatu, kama yalivyokuwa kwenye orodha ya kocha, na umri wake, ishirini na saba, pamoja na ule utani.

Jumatatu alinipita kwenye ngazi za maktaba. Nilianza kueleza juu ya nafasi tupu. Akasema, "Si kitu, dada," akaendelea kushuka. Wiki ile hakuniambia neno lingine.

Mechi ya kwanza ya msimu ilikuwa Jumamosi alasiri, kwenye uwanja tuliokodi chini ya kilima cha Kyambogo. Nilisimama karibu na kibendera cha kona, mbali na mashabiki, nipate kuandika. Mpira ulikuwa umechezwa labda dakika ishirini, bado bila goli, nikasikia mtu ananisalimia nyuma yangu.

Alikuwa mwanaume wa miaka chini ya thelathini, shati jeupe limepigwa pasi, utepe wa fundi cherehani ukining'inia mfukoni kana kwamba ametoka kazini moja kwa moja. Alishika simu, na kwenye simu kulikuwa na ukurasa wangu.

"Samahani, dada. Waliniambia wewe unajua. Ni nani njo aliandika hii?" Njo ya kwao ni ndiye yetu.

"Mimi."

Aliniangalia kidogo, kama mtu aliyetegemea kumkuta mtu mkubwa zaidi. Akaupanua ukurasa kwa vidole viwili mpaka ikabaki picha ya chini kulia.

"Huyu wa nne. Unamujua?"

"Ni mchezaji wetu. Namjua kiasi."

"Hii jina ni yangu," akasema.

Nilimjibu jibu la kijinga, kwamba majina hufanana.

"Moja inafanana. Mbili, sawa. Zote tatu?" Hakupandisha sauti. "Ile ya mwisho ni ya babu yangu. Alipewa sababu alizaliwa njiani, mama yake akienda kulima. Sijasikia mutu mwingine nayo."

Akatoa kitambulisho chake cha mkimbizi, akanipa nikishike mwenyewe. Nilisoma herufi moja moja. Majina yalikuwa matatu, kwa mpangilio uleule, na mwaka wa kuzaliwa ukitoa ishirini na saba. Jambo la kwanza nililofikiria, naona aibu, lilikuwa timu: kwamba tuna mchezaji wa karatasi za bandia, na mimi ndiye niliyemtangaza.

"Unataka nimwite kocha?" nikauliza.

"Hapana. Sikukuja kwa fujo." Alichukua kitambulisho chake, akakirudisha mfukoni polepole. "Watu wa kanisa letu kule Lubaga njo walinionyesha. Walinicheka, eti nimekuwa muchezaji. Mimi sikucheka. Unaona, dada, cheti changu cha shule kilikuwa ndani ya mufuko. Mufuko alikuwa nao mudogo wangu, siku tulikimbia. Mimi nilipanda lori, yeye alibaki chini, watu walikuwa wengi. Nikamutupia mufuko, nikamwambia ashike, lori ya pili inakuja." Akaitazama tena ile picha. "Kama huyu mutu ako na cheti changu, basi alikitoa kwa mudogo wangu. Basi anajua alikufia fasi gani. Nionyeshe yeye tu. Mechi ikiisha nitamuuliza kaburi."

Alisema hivyo, kaburi, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia ya kwenda mahali. Nami nilikuwa nimesimama na kalamu mkononi, nimeandika *dk. 20, 0–0*, na sikujua niangalie wapi.

Nikanyoosha kidole. Namba nane alikuwa upande wa mbali, ametugeuzia mgongo. Yule mwanaume alikaza macho. Mpira ukapokonywa katikati, namba nane akaupata, akaanza kukimbia kuelekea upande wetu, mkono wa kushoto umebanwa kifuani.

Sikuwa naangalia mpira. Nilikuwa naangalia uso wa mgeni wangu. Niliona hasira, au chochote kile alichokuja nacho, kikitoka usoni, na kisibaki kitu. Akashuka chini. Hakuanguka, alishuka kama mtu anayetua mzigo, goti moja, kisha la pili, kisha akakaa kwenye nyasi.

"Ule mukono," akasema.

"Nini?"

"Mimi njo nilimuvunja ule mukono. Tulikuwa tunaangusha avoka. Nilimwambia apande, tawi likavunjika. Tangu pale anakimbia hivi."

Nilichuchumaa kando yake. Nilijaribu kuuliza, kumbe huyo siye mwizi, huyo ni nani, ingawa nilikuwa nimeshaelewa. Aliniashiria kwa kichwa tu, ndiyo.

Wakati huohuo beki wao akautoa mpira nje. Kona. Kona ya upande wetu. Na mpiga kona wetu alikuwa namba nane.

Alikuja anatembea na mpira mikononi, akajipangusa uso kwa bega. Alituona kama vivuli viwili vya watu kwenye nyasi, hakutujali. Alikuwa hatua tano kutoka tulipo. Yule mwanaume akamwita. Hakumwita kwa yale majina matatu ya kwenye jarida. Alimwita kwa jina lingine, fupi, la nyumbani, ambalo sikuwahi kulisikia.

Namba nane hakugeuka. Aliuweka mpira kwenye duara la kona, akarudi nyuma, akanyoosha mkono juu kuwaonyesha wenzake, akapiga. Mpira ulipita nyuma ya lango bila kugusa mtu. Mashabiki wetu wakaguna.

Baadaye nilimuuliza kama hakusikia. Alisikia. Aliniambia kwamba katika miaka minane tangu watengane sauti ile ilikuwa imemwita mara nyingi, sokoni, kwenye foleni ya maji, mara moja hata katikati ya mtihani. Mwanzoni alikuwa anageuka. "Ukigeuka, hakuna mutu," aliniambia. "Basi niliacha kugeuka."

Kaka yake akaita mara ya pili, kwa nguvu zaidi, akaongeza: "Ni mimi. Yaya wako."

Kwao yaya ni ndugu mkubwa. Namba nane akageuka.

Sijui kuelezea uso ule. Nimejaribu mara nyingi kwenye daftari na kufuta. Haukuwa uso wa furaha. Ulikuwa uso wa mtu aliyefumaniwa, halafu wa mtoto, halafu wa mtu anayetaka kukimbia. Alivuka mstari wa uwanja akitembea. Kocha alimpigia kelele kutoka upande wa pili, "Namba nane! Rudi ndani!" Refa akapiga filimbi. Yeye akaendelea kutembea hatua zile tano, na kaka yake akawa amesimama, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumsukuma kifuani kwa viganja viwili, kwa nguvu, akamsukuma tena, kisha akamvuta. Refa, ambaye hakujua lolote, alifika amekasirika, akatoa kadi ya njano akaiinua juu ya vichwa vya watu wawili walioshikana. Hakuna aliyemwangalia. Alisimama hivyo sekunde kadhaa, kisha akaandika kwenye kitabu chake na kuondoka.

Tulicheza pungufu kwa dakika kadhaa, tukafungwa goli. Kocha akaingiza mtu mwingine.

Walikaa nyuma ya kibendera. Nilitaka kuondoka, lakini mdogo mtu akanishika mkono wa gauni.

"Kaa, dada. Wewe njo ulileta hii."

Sikujua kama ananishukuru au ananilaumu, na mpaka leo sina hakika. Nikakaa. Hawakulia. Waliongea haraka haraka, wakikatizana.

"Nilitafuta jina yako kwenye kila orodha," kaka mtu alisema. "Burundi. Tanzania, kambini, miaka minne. Nilipofika hapa Kampala, orodha ya kwanza ni hiyo nilitafuta. Kila fasi, jina yako. Wananiambia haiko." Akapumua. "Sikutafuta yangu. Nani anatafuta jina yake mwenyewe?"

Mdogo wake aliangalia chini. "Mimi sikutafuta kitu, yaya. Waliniambia lori yenu iliungua na watu wote. Jirani yetu aliapa. Nilikuwa na ule mufuko tu. Ndani mulikuwa na shati yako na cheti."

Akaeleza mengine akiwa bado hajainua macho. Alikuwa na miaka kumi na tano alipovuka mpaka, darasa hajamaliza. Aliishi na mama mmoja wa kanisa bila kuandikishwa popote, zaidi ya mwaka, na siku aliyopelekwa ofisini kuandikishwa karani alimuuliza kama ana karatasi yoyote. Alikuwa nayo moja. Alikuwa mrefu. Karani akanakili jina lililokuwa kwenye cheti, na mwaka wa kuzaliwa wa kwenye cheti, na yeye akakaa kimya. Miaka ikapita, chuo kikataka cheti cha sekondari, na cheti kilikuwepo.

"Nilifikiri wewe haukihitaji tena," alisema.

Kaka yake akamuuliza, taratibu, "Unasoma nini?"

"Umeme."

Hapo nikaona kitu ambacho sikukitegemea baada ya yote yale. Kaka mtu aliondoa mkono wake begani kwa mdogo wake. Hakuuondoa kwa hasira. Aliuondoa tu, akauweka gotini.

"Ile njo mimi nilitaka," akasema. "Nilienda vyuo viwili hapa mujini. Wote waliniambia nilete cheti. Nikajifunza kushona."

Nyuma yetu mechi iliisha. Tulifungwa mbili bila.

Usiku ule, kambini, sikuweza kula. Baba aliniuliza kuna nini, na nikamwambia yote, kwa sababu sijawahi kujua kumficha kitu. Kabla sijamaliza nikakumbuka ninaongea na afisa wa polisi. Aliacha kutafuna. Baba huniita Mama, kwa sababu nina jina la mama yake.

"Mama, hiyo kitu ni kosa," alisema. "Kosa ya korti. Unajua?"

"Najua, Baba."

"Na wewe umeniambia mimi."

Nilikuwa nimeharibu mara ya kwanza kwa picha, na sasa nilikuwa nimeharibu tena kwa mdomo. Baba alisukuma sahani yake pembeni. Halafu akasema jambo ambalo lilinishtua kuliko kitambulisho cha yule fundi.

"Ile siku na mwaka ya kuzaliwa iko kwa kitambulisho yangu," alisema, "mimi sijui kama ni ya kweli. Siku ya kuandikisha, afande aliuliza, mimi nikasema sijui. Akaniangalia, akaandika. Hata siku ya kustaafu imetoka hapo."

Nilikuwa nimesherehekea siku yake ya kuzaliwa kila mwaka, kwa keki.

"Mwambie aende mwenyewe kwa ofisi," akaongeza. "Kesho kutwa, mapema, kabla mtu hajamwita. Akienda mwenyewe ni maneno ingine." Akavuta sahani yake, akamaliza kula, na hakulitaja tena.

Nilimfikishia namba nane ujumbe. Kaka yake alikuwa ameshamshauri kinyume: alikuwa amemwambia abaki na jina, amalize masomo, yeye ataendelea kushona. Walibishana siku nzima ya Jumapili. Mdogo mtu ndiye aliyekataa. Aliniambia kwamba aliweza kubeba jina la marehemu, lakini hakuweza kulibeba la mtu anayemwona anakula ugali mbele yake.

Jumatatu walikwenda wote wawili kwa msajili wa chuo. Niliwasindikiza hadi mlangoni. Msajili, mama mmoja mwenye miwani, alitoka baada ya nusu saa kunywa maji kwenye korido, akasimama ameshika glasi bila kunywa, akarudi ndani.

Mambo yalivyoisha hayakuwa mepesi. Masomo yake ya mwaka mmoja na nusu yalifutwa yote. Chuo hakikumpeleka polisi, kwa sababu alijileta mwenyewe na mwenye cheti alisimama upande wake kwa barua na sahihi. Ofisi ya wakimbizi ilichukua miezi kusahihisha kumbukumbu zao, na kila walipoitwa iliwabidi kusimulia upya tangu kwenye lori. Timu ilinyang'anywa pointi za ligi ndogo iliyotangulia, aliyocheza kwa jina lile. Nahodha, yule niliyemsifu kwa kusimama mahali mpira utakapofika, aliacha kunisalimia mpaka muhula ukaisha. Kocha aliniambia tu, "Kalamu yako ni kali, nnyabo," yaani bibi kwa Kiganda, na hakuniruhusu tena kukaa kwenye mazoezi. Nilirudisha ukurasa wa michezo kwa mhariri, naye hakunishawishi nibaki.

Mwanzo wa mwaka uliofuata kaka mtu aliomba nafasi kwa cheti chake na akaipata. Umeme, mwaka wa kwanza. Alinisimulia siku ya kwanza darasani: mhadhiri aliita majina, akafika kwenye lile lake, akaitika, na safu nzima ya nyuma ikageuka kumwangalia. Walikuwa vijana waliosoma na mdogo wake, sasa wakirudia somo walilofeli, na jina lile walikuwa wamelijua kwa sura nyingine. Mhadhiri naye aliinua macho kutoka kwenye karatasi, akamtazama, akaendelea kuita. Aliniambia alikaa saa mbili bila kusikia neno la somo.

Mdogo wake alihamia Lubaga, kwenye chumba cha nyuma ya duka la ushonaji. Anacheza kwenye timu ya mtaa, Jumapili asubuhi, na amejiandikisha kufanya mitihani ya sekondari kama mtahiniwa wa nje. Siku ya kujaza fomu, ya kwanza iliharibika, na ya pili. Mkono ulikuwa umezoea. Uliandika jina la kaka yake wenyewe, kabla hajaufikiria. Karani alimpa ya tatu akimwambia ni ya mwisho, naye akaliandika jina lake mwenyewe herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nilikwenda kuwaona Jumapili moja baada ya misa. Mlango wa duka ulikuwa wazi nusu, na kwenye ubao wake wa ndani kulikuwa na michoro ya chaki, mistari na vimduara. Kaka mtu alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani na daftari magotini. Lilikuwa moja ya madaftari ya mdogo wake, yale ya mwaka mmoja na nusu uliofutwa. Mdogo alisimama mlangoni na chaki.

"Yaya, umeme hauchagui njia moja," alikuwa anasema. "Hapa umegawanyika. Hesabu huu upande kwanza."

"Nimehesabu."

"Umehesabu vibaya."

"Basi rudia. Polepole, mimi ni muzee."

Walinitengea kibao karibu na rundo la vitambaa. Mdogo mtu alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za baba, na sikupata ujasiri wa kuomba msamaha tena, kwa sababu nilishauomba mara tatu na kila mara alibadilisha mazungumzo. Mteja akaja na gauni la kupunguzwa, kaka mtu akainuka kumpima. Mdogo akapangusa nusu ya mlango kwa kiganja, akaanza kuchora upya mchoro uleule, mkubwa zaidi, ili kaka yake auone hata kutoka kwenye cherehani.